Ngugi wa Mirii, mwalimu aliyekubali kusahihishwa na wanakijiji

Mtaje Ngugi mbele ya mtu yeyote aliyesoma Kenya, Uganda au Tanzania, naye papo hapo atamkumbuka Ngugi wa Thiong'o, mwandishi mashuhuri wa riwaya aliyefariki nchini Marekani mwezi Mei 2025. Hakosei. Hata hivyo, palikuwapo Ngugi mwingine, mdogo kwake kwa umri, ambaye jina lake nalo limechapwa kwenye jalada la tamthilia iliyoitikisa serikali ya Kenya mwaka 1977. Huyo ni Ngugi wa Mirii. Alifariki katika ajali ya barabarani mjini Harare, Zimbabwe, tarehe 3 Mei 2008, baada ya kufanya makazi yake ugenini tangu mwaka 1982.

Nimeona vema kuwasimulia wasomaji maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mwalimu na mkimbizi kwa pamoja, na wengi wetu tuliorudi nyumbani tulifundishwa kusoma na watu wa aina hiyo. Pili, hapa Gisenyi michezo ya kuigiza haikosekani. Tunaiona shuleni, tunaiona kwenye mikutano baada ya umuganda, tunaiona uwanjani wakati wa kampeni za afya. Lakini ni mara ngapi mswada wa mchezo umesomwa kwa sauti mbele ya wale unaowahusu, nao wakapewa nafasi ya kusema hapa umekosea? Ngugi wa Mirii na wenzake walifanya hivyo, tena mchana kweupe, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Kijiji cha baridi

Ngugi wa Mirii alizaliwa mwaka 1951 katika eneo la Limuru, wilaya ya Kiambu, yapata kilomita 30 kutoka Nairobi. Anayeijua Limuru atakubali kuwa ni mahali pa ukungu na baridi, penye mashamba ya chai yanayofuata vilima. Mtu wa Rubavu akitaka kupata picha, na apite barabara ya Pfunda asubuhi na mapema. Tofauti ni kwamba Limuru mashamba makubwa yalichukuliwa na walowezi wa Kizungu, na kando yake kikasimama kiwanda cha viatu cha Bata, ambacho kiliwapa watu wengi kazi na mshahara mdogo.

Mwaka mmoja baada ya yeye kuzaliwa, yaani Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Miaka michache baadaye watu wa Kiambu na wilaya jirani walitolewa kwa nguvu kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vya lazima vilivyolindwa na askari. Kamiriithu ni kimojawapo cha vijiji hivyo. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi wa wakazi wake hawakurudishiwa ardhi. Walibaki palepale, wakiuza jasho lao kwa siku kwenye mashamba ya chai na kiwandani. Watoto wa kizazi cha wa Mirii walikua wakiona jambo hilo kila siku: waliopigana msituni hawana kitu, na baadhi ya waliosimama upande wa mkoloni ndio wenye mashamba na magari.

Kijana huyo alisoma, akaingia katika kazi ya elimu ya watu wazima, ile ambayo Wakenya huiita ngumbaru. Alipata mafunzo ya fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafanya kazi katika taasisi ya chuo hicho inayoshughulikia utafiti wa maendeleo. Angeweza kukaa mjini, akaandika ripoti na kupokea mshahara wake. Hakufanya hivyo. Alirudi Limuru.

Darasa la ngumbaru

Kamiriithu palikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kimechakaa, nyumba ya udongo yenye vyumba vichache na kiwanja kitupu. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji hicho alimwendea Ngugi wa Thiong'o, ambaye alikuwa akiishi karibu, akamsihi aje kusaidia kukifufua. Alimwendea si mara moja. Hatimaye mwandishi huyo alikubali, na kamati ikaundwa. Wakulima na wafanyakazi walishika uongozi wa kituo, na wasomi wakapewa kazi katika kamati ndogo. Wa Thiong'o alipewa shughuli za utamaduni. Wa Mirii alipewa kuongoza masomo ya watu wazima.

Hapo ndipo tunapaswa kumtazama vizuri, maana mchezo wa baadaye ulizaliwa darasani mwake. Wa Mirii aliathiriwa na mafundisho ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyeamini kuwa mtu mzima hafundishwi kusoma kama mtoto. Mtu mzima anakuja darasani na maisha yake. Kwa hiyo maneno ya kwanza anayojifunza kuandika yawe yale yanayomkosesha usingizi: ardhi, mshahara, deni, ada ya shule. Neno moja likiandikwa ubaoni huzaa mazungumzo, na katika mazungumzo mwanafunzi anagundua kuwa anajua mambo ambayo mwalimu hayajui.

Wanafunzi wa kwanza walipofuzu, walitaka kuendelea. Walikuwa wameshajua kusoma na kuandika Kikikuyu, na sasa wakataka kitu cha kufanya nacho. Ndipo lilipotoka wazo la mchezo wa kuigiza. Mwezi Desemba 1976 kamati iliwaagiza akina Ngugi wawili waandike mswada wa kwanza. Ikumbukwe kuwa mpaka wakati huo wa Thiong'o alikuwa ameandika vitabu vyake vyote kwa Kiingereza. Sasa alitakiwa kuandika kwa lugha ambayo mama yule wa kijiji angeielewa.

Mswada wasomwa hadharani

Mswada ulikuwa tayari mwezi Aprili 1977. Jina lake kwa Kikikuyu ni Ngaahika Ndeenda, na kwa Kiswahili umechapishwa kama Nitaolewa Nikipenda.

Hadithi yake ni rahisi kuifuata. Kiguunda ni kibarua wa shamba. Ana ekari moja na nusu tu, na hati ya kipande hicho ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri wake, Ahab Kioi, anamtembelea pamoja na mkewe, wakimtaka Kiguunda na mkewe Wangeci wafunge upya ndoa yao kanisani. Kumbe kipo kingine nyuma ya wema huo. Kiguunda anakopa benki kwa ajili ya sherehe, akiweka hati yake rehani. Wakati huohuo binti yake Gathoni anapewa mimba na mtoto wa tajiri, kisha anaachwa. Mwishowe ardhi inapigwa mnada, na tajiri ndiye anayeinunua, kwani yeye na wageni anaoshirikiana nao walikuwa wanaitaka kwa ajili ya kiwanda.

Waandishi wengi wangefika hapo, wangechagua waigizaji na kuanza mazoezi. Akina Ngugi hawakufanya hivyo. Kwa muda wa miezi miwili, Mei na Juni, mswada ulisomwa kwa sauti katika kituo, mahali pa wazi, na yeyote aliyetaka kuja alikuja. Walikuja wachuma chai, wafanyakazi wa kiwandani, akina mama waliotoka shambani, wazee waliowahi kuwa msituni, vijana wasio na kazi. Wasiojua kusoma walisikiliza, na kusikiliza kwao kulikuwa na makali kuliko kusoma kwa wengi wetu.

Masahihisho yalianza. Wazee walisema kuwa mhusika fulani mzee anaongea kama kijana, na kwamba mtu wa umri wake hawezi kutoa maneno namna hiyo mbele ya wageni. Mzee ana mafumbo yake, ana methali zake, ana namna yake ya kumkatalia mtu bila kumvunjia heshima. Wafanyakazi wa kiwandani walirekebisha habari za mshahara na saa za kazi, kwani wao ndio waliojua siku ya malipo inavyokuwa. Wanaojua mila walieleza hatua za ndoa ya jadi, nani anasimama wapi na wimbo upi unatangulia. Waliopigana wakati wa Mau Mau walionyesha jinsi bunduki za kienyeji zilivyotengenezwa na jinsi akina mama walivyozipitisha mbele ya askari.

Msomaji, fikiria hali hiyo. Mmoja wa waandishi alikuwa profesa mwenye jina duniani. Mwingine alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Wote wawili waliketi mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wamejifunza kuandika majina yao mwaka uliotangulia, wakafundishwa Kikikuyu. Kwa wa Mirii halikuwa jambo geni. Ni darasa lilelile la ngumbaru, ila safari hii mwalimu ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Mazoezi nayo yalianza tarehe 5 Juni 1977, chini ya uongozi wa Kimani Gecau wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na hayo pia hayakufungiwa ndani. Watu walikaa kando wakatazama, wakamkosoa anayecheza mlevi asiyelewa sawasawa, wakamwonyesha. Wakati huohuo walijenga ukumbi wao wa wazi. Vijana walipanga njiti za kiberiti chini ili kuonyesha jukwaa litakaa wapi na viti vitapandaje, kisha kazi ikafanywa kwa mikono ya wanakijiji. Ulipokamilika, ukumbi uliweza kuchukua watu zaidi ya 2,000. Hapakuwa na mkandarasi wala mfadhili kutoka ng'ambo.

Majuma sita tu

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Habari zilienea haraka. Watu walikodi mabasi na matatu kutoka sehemu nyingine za nchi kuja Kamiriithu. Wenyeji wengi walikuwa tayari wanayajua maneno kwa moyo, kwa kuwa walishiriki kuyatengeneza. Mwigizaji akisahau, watazamaji walimkumbusha.

Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa kibali. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa umma. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa nyumbani kwake usiku, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Hakutoka mpaka tarehe 12 Desemba 1978, baada ya Rais Jomo Kenyatta kufariki na Daniel arap Moi kushika madaraka.

Swali linalowashughulisha watu hadi leo ni hili: serikali iliogopa nini hasa? Maneno makali hayakuwa mapya. Mwezi Julai mwaka huohuo wa 1977 riwaya ya wa Thiong'o iitwayo Petals of Blood, ambayo inawashambulia matajiri wapya bila kumung'unya maneno, ilizinduliwa mjini Nairobi, na aliyeizindua ni waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Mwaka uliotangulia mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi, aliouandika pamoja na Micere Githae Mugo, ulichezwa katika Kenya National Theatre. Ulipunjwa siku za kuchezwa, lakini haukupigwa marufuku. Kazi hizo mbili zilikuwa kwa Kiingereza. Zilisomwa na kutazamwa na wachache.

Kwa maoni yangu, kilichotisha Kamiriithu ni ule mkutano wa kusoma mswada. Mkulima aliyezoea kumsahihisha profesa kuhusu mchezo, kesho atamsahihisha chifu kuhusu hesabu za shamba la ushirika. Na aliyesahihisha maneno ya mhusika tajiri ameshaanza kuuliza kwa nini tajiri huyo yuko hivyo. Mchezo waweza kuupiga marufuku kwa barua ya mkuu wa wilaya. Mazoea ya watu kuketi pamoja na kuulizana ni kitu kigumu zaidi kuondoa.

Machi 1982

Wa Mirii hakuwekwa kizuizini mwaka ule. Kituo nacho hakikufa. Mwaka 1981 kikundi kilianza kujiandaa na mchezo mpya wa wa Thiong'o, Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie, wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya na unaosimulia maisha ya vibarua miaka ya 1930. Ulipangwa kufunguliwa Februari 1982 katika Kenya National Theatre. Kibali hakikutolewa, na siku waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa. Walihamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea na mazoezi ya wazi kama desturi yao. Umati ulijaa kila jioni, mpaka nako wakazuiwa.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta kituo cha Kamiriithu na kupiga marufuku shughuli za maigizo katika eneo hilo. Kesho yake askari polisi wenye silaha walifika kwa malori, wakaubomoa ule ukumbi mpaka chini. Kazi ya miezi mingi ya watu wasio na kitu iliondoka kwa siku moja.

Mwaka huo ulikuwa wa kutawanyika. Wa Thiong'o alikuwa London alipopata habari kuwa akirudi atakamatwa, akabaki huko. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe. Micere Mugo naye akafuata njia ya uhamisho. Wale waliobaki ni wanakijiji wenyewe, ambao hawakuwa na pasipoti wala chuo cha kuwapokea. Tunaposifu mashujaa waliokimbia, tusiwasahau hao.

Mwalimu wa waliorudi

Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru mwezi Aprili 1980, miaka miwili tu kabla ya wa Mirii kufika. Ilikuwa nchi inayopokea watu wake. Maelfu ya vijana walikuwa wakirudi kutoka kambi za wakimbizi Msumbiji na Zambia, wengi wakiwa wamesomea chini ya miti, wengine wakiwa wamebeba bunduki. Kwa ajili yao iliundwa taasisi iitwayo ZIMFEP, iliyoendesha shule zilizochanganya masomo na kazi za uzalishaji.

Wa Mirii alifanya kazi na taasisi hiyo. Mkenya aliyekimbia kwao aliwafundisha Wazimbabwe waliorejea kwao. Msomaji uliyerudi Rwanda mwaka 1994 na miaka iliyofuata utaelewa uzito wa jambo hilo. Mtoto aliyekulia kambini anarudi katika nchi anayoijua kwa hadithi za wazazi tu. Lugha inampiga chenga, majirani wanamtazama, naye anawatazama. Katika shule ya Chindunduma, wa Mirii na Gecau waliuandaa pamoja na wanafunzi mchezo ule wa Dedan Kimathi, unaojulikana kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Vijana waliotoka vitani waliigiza vita vya watu wengine, na kupitia hivyo wakapata njia ya kuzungumza juu ya vyao.

Mwaka 1983 palifanyika katika eneo la Murewa, kaskazini mashariki ya Harare, warsha iliyowakutanisha watu wa maigizo kutoka nchi mbalimbali za Afrika pamoja na wanavijiji. Wa Mirii alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha maigizo ya jamii cha Zimbabwe, kijulikanacho kwa kifupi kama ZACT, na akakiongoza kwa muda mrefu. Chama kilivikusanya vikundi vya mitaani na vijijini ambavyo havikujiona katika kumbi za mjini zilizorithiwa kutoka kwa walowezi. Vikundi vilifundishwa kutunga pamoja, kujadili pamoja na kucheza mahali watu walipo.

Tusimfanye malaika. Wapo wataalamu waliolaumu kuwa ZACT ilisimama karibu mno na serikali ya Harare, na kwamba mtu aliyekimbia chama kimoja kilichokataa kukosolewa alipaswa kuwa mwangalifu zaidi na kingine. Lawama hiyo ina uzito. Mgeni anayepewa hifadhi mara nyingi hunyamaza mbele ya mwenyeji wake, na wengi wetu tulioishi uhamishoni tunalijua jambo hilo kuliko tunavyopenda kukiri.

Vilevile, miaka ilivyosonga, vikundi vingi vya maigizo ya jamii kote Afrika vilianza kutegemea fedha za wafadhili. Mswada ulikuja umeshaandikwa ofisini, ujumbe umeshaamuliwa, na kikundi kikaajiriwa kuucheza. Watazamaji walipewa kofia na fulana. Ule mkutano wa kusahihisha ulipotea, ukabaki mchezo peke yake.

Somo nililolipata mwenyewe

Mimi nilisoma Kenya, katika viunga vya Nairobi, tukiwa wakimbizi. Matatu za Limuru zilipita karibu na kwetu. Jina la Kamiriithu nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa watu wazima waliolitamka kwa sauti ya chini, maana zilikuwa bado ni zama za Moi. Sikulielewa. Nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu hapa Gisenyi.

Niliandika na wanafunzi wangu mchezo mfupi juu ya mama anayevuka Petite Barrière kila siku na beseni la sambaza kwenda kuuza Goma. Niliona ni mzuri. Wanafunzi walinipigia makofi, na mimi nikajipigia moyoni. Kabla ya kuucheza, nikakumbuka Kamiriithu, nikawaalika wazazi waje jioni moja wausikie ukisomwa. Walikuja kama ishirini hivi, wengi wakiwa akina mama wa mpakani.

Tulipofika ukurasa wa pili, mama mmoja aliomba radhi na kunyoosha mkono. Aliniambia kwa upole kwamba mhusika wangu anahesabu fedha zake palepale kwenye foleni, na kwamba hakuna mwanamke mwenye akili anayefanya hivyo. Fedha hufungwa kwenye pindo la kitenge, na huhesabiwa nyumbani. Mwingine akasema huyo mama hawezi kuongea Kiswahili kimoja mchezo mzima. Kwa ofisa anaongea hivi, kwa mteja wa Goma anaongea vile, na kwa mwenzake wanayetembea naye anarudi kwenye Kinyarwanda. Kisha mzee mmoja, ambaye hakuwahi kuishi ugenini, akarekebisha Kinyarwanda cha babu niliyemweka kwenye mchezo. Alisema babu huyo anaongea kama mtu aliyefundishwa lugha kwa kitabu. Alikuwa ananisema mimi, na wote tulijua.

Niliona aibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi zilizojaa alama nyekundu, safari hii alama hizo zikiwa zangu. Lakini nilipouandika upya, kuna jambo lilikuwa limebadilika. Siku ya mchezo wale akina mama walikaa mbele. Kila sehemu waliyoirekebisha ilipofika, waligusana mabega. Yule mzee alikuja kunishika mkono, akaniita mwana wetu. Nilikuwa nimerudi nchini miaka mingi kabla ya siku hiyo, na ndipo hapo nilipohisi nimefika.

Ndiyo maana nimemwandika Ngugi wa Mirii. Mji wetu una watu waliotoka Masisi, Kampala, Bujumbura, Kigoma na Nairobi, na wengine ambao hawakuwahi kuondoka. Kila mmoja ana kipande cha lugha na kipande cha hadithi ambacho mwenzake hana. Mwandishi mmoja hawezi kuvijua vyote, hata akiwa msomi namna gani. Vijana wanaoandika michezo hawahitaji ukumbi wa gharama ili kuanza. Wanahitaji mabenchi machache, jioni moja, na moyo wa kuketi kimya wakati muuza sambaza anapowaambia wamekosea wapi.

Ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa mwaka 1982, na mwalimu wake wa ngumbaru hakurudi kuishi tena Limuru. Lakini ule utaratibu wake haukuwa wa mbao wala mabati, hivyo haukubomolewa. Alitoka nao mikononi mitupu hadi Harare, na huko pia watu waliketi wakasikiliza. Mungu amlaze mahali pema.